Mchezo Niliomtengenezea Baba

Gemu la kwanza nililompa baba lilikuwa la magari. Nilimwekea kompyuta juu ya stuli kando ya kitanda, nikamsogezea mto mgongoni, nikauweka mkono wake wa kushoto juu ya vitufe vya mishale. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kwa muda. Gari likaondoka, likagonga ukuta, likarudi nyuma lenyewe, likagonga tena. Baba hakubonyeza chochote. Baada ya kitambo akageuza macho dirishani, ambako jirani yetu alikuwa anaanua dagaa wake kabla mvua haijafika.

"Hilo umemkosea," mdogo wangu wa kiume alisema. Yeye ndiye aliyeniazima gemu lenyewe. "Mzee si mtu wa magari. Muwekee mpira."

Nikamwekea mpira. Hapo angalau alitazama. Mdogo wangu alipofunga goli, upande mmoja wa mdomo wa baba ulipanda, na sote tukapiga kelele kana kwamba goli lilikuwa la kweli. Lakini alikuwa mtazamaji tu. Kidole hakikuondoka mahali pake, na mimi nilikuwa nakitazama kidole.

Nilikuwa nimeahirisha mwaka chuoni. Nilisoma kompyuta, na ndani ya kompyuta nilichokuwa nakitaka hasa ni kutengeneza magemu. Mwalimu wetu mmoja alipenda kusema kwamba anayetaka kutengeneza gemu acheze kwanza ya wenzake, na acheze kama mwizi aliyeingia nyumba ya watu: asikae kitini kufurahi, aangalie milango iko wapi. Basi nilirudi nyumbani Ujiji na kompyuta ya kioo cha kugusa, chenye ufa, masomo ya video niliyokuwa nimeyapakua kwa bando la chuo, na rundo la magemu madogo ya bure. Asubuhi nilikuwa namwosha baba na kumlisha. Mchana alipolala nilijifunza kuandika programu. Alipoamka nilimjaribishia magemu. Baadaye kazi hizo zikachanganyika hata sikuweza kusema ipi ni uuguzi na ipi ni masomo.

Baba alikuwa mtangazaji wa bandarini. Watu wengi wa Kigoma waliijua sauti yake bila kuijua sura yake. Meli ilipokuwa inajiandaa kuondoka, yeye ndiye aliyewaita abiria kwenye kipaza sauti, aliyewaonya wenye mizigo, aliyetangaza mtoto aliyepotea na rangi ya shati lake. Alishuka kutoka milima ya upande wa Buhigwe akiwa kijana, na vijana wa mjini walimcheka kwa lafudhi yake ya Kiha. Akaanza kukisafisha Kiswahili chake kama mtu anayechambua mchele, punje kwa punje, mpaka hakuna aliyeweza kukiona kijiwe. Nyumbani hakutuacha tupumue. Mdogo wangu akisema "nimemaindi," baba alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, "Umekasirika. Sema umekasirika, kisha tutajua kama una haki."

Mama ni mzaliwa wa Ujiji, mjukuu wa watu waliotoka ng'ambo ya ziwa zamani, na Kiswahili kwake ni lugha ya kunyonyea. Alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakuposwa na mwanamume, aliposwa na redio. Kiha hakuwahi kukihitaji. Baba alikitumia kwenye simu tu, alipozungumza na dada yake mkubwa aliyebaki milimani, na hata hapo alitoka nje akatupa mgongo, sauti ikawa ya mtu mwingine, nyepesi zaidi, yenye kucheka ovyo. Mimi na mdogo wangu tulijua salamu na maneno ya kununulia sokoni.

Kiharusi kilimkuta bandarini, kipaza sauti kikiwa mkononi. Alilala hospitali muda mrefu bila neno. Ulimi uliporudi, ulirudi na Kiha. Kilikuwa Kiha kilichovunjika, kinachojikokota, kinachopita upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa Kiha. Kiswahili chote kilikuwa kimeondoka. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa ukipiga sehemu fulani ya ubongo, wakati mwingine hubaki lugha ya utoto tu. Ile nyingine inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mtaalamu wa mazoezi yeye alitupa kazi mbili: tumsemeshe kila wakati, na tuupe mkono wa kushoto shughuli.

Mama alisikia moja tu. Tulipokuwa tunatoka pale hospitali aliniambia, "Nataka aniite. Hata kwa kunigombeza. Aniite kwa lugha tuliyooania."

Hilo ndilo lililokuwa likitafutwa nyumbani kwetu mwaka ule.

Jirani yetu, yule wa dagaa, ni mwanamke ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakaweka makazi hapa. Kirundi chake na Kiha ni watoto wa tumbo moja. Siku moja alileta mawese kwenye chupa, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, niache nikae naye kidogo. Nitawaambia anachosema."

"Ahsante, jirani," mama alijibu. "Mume wangu nitamsikiliza mwenyewe."

"Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya. Lakini nimelala na mtu huyu ujana wangu wote. Leo niwekewe mkalimani katikati ya kitanda?"

Jirani akacheka, kwa sababu mama alilisema kama mzaha, akaacha chupa akaenda zake. Mama hakucheka. Na baba mwenyewe hakusaidia. Mgeni yeyote akiingia, alifunga mdomo na kutazama ukuta. Alikuwa mtu aliyeheshimiwa kwa sauti yake, na sauti iliyobaki hakutaka mtu wa nje aisikie.

Kulikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila alasiri. Huo ndio wakati mama aliokuwa akipita sana chumbani: anaondoa vyombo, anageuza shuka, anafuta dirisha lililokwisha kufutwa. Baba aliinua mkono wa kushoto kidogo na kusema maneno yale yale. Mama alikuwa anakimbia. Alileta maji, na baba alitikisa kichwa. Akaleta chombo cha kujisaidia, akatikisa kichwa. Tukamwashia redio, tukafungua dirisha, tukamfunika blanketi, tukamfunua. Sauti yake ilipanda, nasi tulizidisha mbio, mpaka alichoka akalala. Mama alitoka nje na kusimama uani huku amejishika kiuno, anapumua.

"Kesho nitajua," alikuwa anasema.

Kwenye masomo ya video nilikuwa nimefika mahali panapoelezwa jinsi gemu linavyosikiliza. Gemu lolote, ukilivua picha na muziki, linabaki na maswali mawili yanayozunguka bila kuchoka: mtu amefanya nini, na sasa kitokee nini. Nililipenda jambo hilo. Nilifikiri, kama mashine inaweza kuuliza bila kuchoka, basi inaweza kumsaidia mama, ambaye alikuwa amechoka.

Magemu niliyomjaribishia baba yalinifundisha vitu ambavyo mwalimu asingeweza. Niliona kwamba hakupenda kitu kinachomwendea kwa kasi. Hakupenda katuni, alizitazama kama mtu mzima aliyepewa pipi. Kwenye gemu moja la kufunua kadi, ambalo wenzangu chuoni waliliona la watoto, alikaa mbele. Kidole chake kiligusa kadi. Ikafunuka ndizi. Akagusa nyingine. Siku hiyo alicheza mpaka chai ikapoa, na mama alisimama mlangoni akiwa na kikombe, hataki kuingia asije akaharibu.

Nikaamua kutengeneza la kwangu. Nilizunguka nyumba na uani nikipiga picha kwa simu: chungu, jembe la baba lililokuwa ghalani, kuku wa jirani, jiwe la kusagia ambalo mama alilirithi. Nilikwenda mpaka pembeni mwa Katubuka kutafuta ng'ombe wa kupiga picha, na mwenye ng'ombe aliniuliza kama namnunua. Mvua niliipiga kupitia dirishani. Gemu lilikuwa rahisi: picha nne zinatokea, sauti inataja kitu kimoja, mchezaji anabonyeza picha yake.

Sauti ilikuwa ya mama. Tulirekodi chini ya blanketi kwa sababu ya bodaboda barabarani, mimi na yeye tumejifunika kama watoto wanaojificha, simu katikati yetu.

"Chungu," mama alisema, kwa ukali.

"Mama, usimwite. Mtajie tu."

"Chungu chenyewe hakisikii, nikitaje vipi?"

"Kawaida. Kama unamwelekeza mtu."

"Chungu." Safari hii kwa sauti ya kubembeleza kupita kiasi. Tulicheka mpaka blanketi likaanguka. Nilirekodi pia maneno ya kumtia moyo, na ya kumwambia akikosea. Akipatia: "Vizuri, mume wangu." Akikosa: "Bado. Jaribu tena."

Siku ya kumjaribishia, mdogo wangu alikaa upande mmoja na mama upande wa pili. Picha zikatokea. Sauti ya mama ikasema, "Kuku." Baba alimtazama mama, kisha akaitazama kompyuta. Aligusa ng'ombe.

"Bado. Jaribu tena," kompyuta ikasema.

Akagusa mvua.

"Bado. Jaribu tena."

Baba alisema kitu kwa lugha yake, taratibu, akimwelekea mama. Mama akamwonyesha kompyuta kwa kidole. Baba akagusa tena, na safari hiyo mkono ulitetemeka akagusa mara mbili, na sauti ya mama ikajibu mara mbili, ya pili ikiipanda ya kwanza mgongoni: "Bado. Jaribu, bado. Jaribu tena." Alirudisha mkono mapajani, akauweka juu ya ule mwingine, akageukia ukutani.

"Izima," mama alisema.

"Naweza kulirekebisha, mama. Ni lile neno tu."

"Umenifanya nimkaripie. Izima kwanza."

Nililitoa lile neno. Nikaweka mlio laini mahali pake. Nikapunguza picha kutoka nne hadi mbili. Kila nilichokiona kama tatizo nilikitafutia dawa ndani ya programu, kwa kuwa huko ndiko nilikokuwa najua njia. Niliona kwa mfano kwamba ng'ombe alipotokea, baba alisema "inka" kabla ya sauti kusema lolote, na uso wake ulikuwa mwepesi. Kisha sauti ikasema "Ng'ombe," na paji la uso likakunjamana, kama mtu mzima anayesahihishwa na mtoto mbele za watu. Niliona hivyo zaidi ya mara moja. Nilichofanya ni kuongeza muda kati ya picha na sauti, ili apate kujiandaa.

Shangazi alikuja maharage yalipokwisha kuvunwa. Hakuweza kuja kabla. Shamba halimngoji mgonjwa, alisema, na watu wa mjini hawajui. Aliteremka na gunia la maharage, mkungu wa ndizi na sauti kubwa. Mama alimpokea kwa heshima zote za wifi, akamkalisha, akamletea maji ya kunawa. Shangazi alinawa, akaingia chumbani, akasema maneno mawili au matatu kwa Kiha.

Baba alilia. Hatukuwa tumemwona akilia, hata hospitali. Kisha akaanza kuzungumza, na hakunyamaza. Shangazi alikaa kitandani akiwa ameshika ule mkono wa kulia usio na kazi, anaupapasa, anaitikia, anauliza, na katikati ya machozi wakacheka jambo fulani. Mama alisimama mlangoni na sinia la chai. Niliuona uso wake kwa upande. Alikuwa anatabasamu, kama mtu anavyotabasamu kwenye harusi ambayo hakualikwa.

Alasiri ikafika. Mama akaanza pitapita zake. Alipokuwa anaokota vikombe, baba aliinua mkono na kusema sentensi ile.

Mama akaweka vikombe chini. "Maji," akaniambia. "Kimbia."

"Maji ya nini?" shangazi akauliza.

"Anataka maji. Au choo. Akisema hivi siku nyingine huwa ni redio."

"Wifi." Shangazi alianza kucheka, kisha akaona kwamba hakuna anayecheka naye. "Wifi, hujui anachosema?"

"Nimekwambia. Maji."

"Anasema ukae."

"Nini?"

"Anasema: kaa basi, mbona hukai. Anasema unazunguka zunguka mpaka kichwa chake kinazunguka na wewe. Anataka ukae naye."

Mdogo wangu alitoka nje. Mama alibaki amesimama, kitambaa cha kufutia mezani mkononi.

"Kila siku anasema hivyo," alisema.

"Mimi nimefika leo. Kila siku unajua wewe."

Baba alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mama akakaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, nusu ya mwili nje, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha wenyewe, kitambaa bado kimeshikwa. Baba akaegemea mto na kufumba macho. Chumba kizima kilitulia, nami nilisikia jirani akiita kuku wake. Mama hakuinuka mpaka giza lilipoanza kuingia, na chakula kilichelewa, na hakuna aliyekiuliza.

Kesho yake alimwambia shangazi, "Usinitafsirie. Nifundishe."

"Kiha? Wewe?" Shangazi alimpima kwa macho. "Wewe wa Ujiji, uliyekuwa unasema watu wa milimani tunaongea kama tuna viazi mdomoni?"

"Nilisema nikiwa bibi harusi. Nifundishe."

"Basi kaa chini. Hilo umeshalijua."

Ndipo nikaligeuza gemu. Nilifuta sauti za mama zote. Nikamweka shangazi chini ya blanketi, na yeye hakuhitaji kuelekezwa. Alitaja vitu kama anayeviita kwenye mkutano wa kijiji. Lakini badiliko kubwa lilikuwa la mpangilio. Sasa gemu halikumwuliza baba kitu. Picha ilitokea moja tu, kubwa. Baba alilitaja jina lake. Mmoja wetu alirudia. Kisha baba alikuwa na vitufe viwili, nilivyovibandika karatasi za rangi: kijani kama tumesema sawasawa, nyekundu kama tumekosea. Sauti ya shangazi ilisikika mwishoni tu, kama shahidi.

Baba alikuwa mwamuzi asiyehongeka. Mdogo wangu alipata kijani upesi; ana sikio. Mimi nilipata nyekundu kwa sababu ya uvivu wa ulimi. Mama ndiye aliyetaabika zaidi, na ndiye baba aliyembana zaidi, yule yule mtu wa "sema umekasirika." Mama alisema kuku ni "inkono," na baba akabonyeza nyekundu. Akasema chungu ni "inkoko," nyekundu tena, na baba akaanza kutikisika mabega.

"Ananicheka," mama alisema.

"Umemwambia unapika chungu ndani ya kuku," shangazi alimweleza.

"Mwambie ndicho atakachokula leo."

"Mwambie mwenyewe!"

Kwa ule mkono unaotetemeka nilipata somo langu la kweli la kwanza la programu. Kidole chake kilibonyeza mara mbili au tatu pale alipotaka mara moja, na picha zikaruka. Video zangu zote zilifundisha jinsi ya kuifanya mashine iwe ya haraka. Ilinibidi nitafute mwenyewe jinsi ya kuifanya ingoje, ipokee mguso wa kwanza na kuinyamazia mitetemo inayofuata, mpaka kidole kiinuke kabisa. Ilinichukua siku kadhaa na makosa mengi. Baba aliyapata makosa yote kabla yangu. Kitu kikikwama, aliinua mkono kutoka kwenye kompyuta na kunitazama, kama alivyokuwa akiwatazama vijana wa bandarini kipaza sauti kinapokoroma.

Shangazi alirudi kwake. Tukabaki na sauti yake na baba. Sasa alasiri mama alikaa. Alipeleka kazi zake kitandani: akachambua mchele pale, akakunja nguo pale, na baba akataja vitu vilivyomo chumbani vilivyokuwemo kwenye gemu, na mama akarudia. Jirani alipita siku moja na kuwakuta. Mama alimsalimia kwa Kiha, na jirani akaketi chini kwa kicheko. "Sasa wewe umekuwa mwenyeji," alimwambia. Baba hakugeukia ukutani.

Nilikuwa nimeanza kuona upungufu wa kazi yangu, na sikuwa peke yangu. Kila kilichokuwa ndani ya gemu kilikuwa kitu, kwa sababu kitu ndicho kinachopigwa picha. Chungu, mvua, ng'ombe, jembe, mwana, moto. Mama alinijia jikoni, anafuta mikono.

"Niongezee maneno ya watu wazima."

"Yapi hayo, mama?"

"Ya kuulizana. Kama anaumwa wapi. Kama anakumbuka." Akaifuta mikono tena. "Kama ana kinyongo. Shangazi yako anajua, mpigie simu akusomee."

"Hayana picha, mama. Lazima nibuni namna nyingine."

"Basi buni. Si ndiyo kazi yako?"

Nilibuni. Nilifikiria picha mbili zinazofuatana, au picha ya mama mwenyewe akiwa na sura tofauti. Nilianza kuandika sehemu hiyo upya, na kila nilipoigusa iliharibu iliyokuwepo, na nilitaka ikamilike kabla sijamwonyesha mtu. Mvua zilikuwa kubwa, umeme ukawa wa kubahatisha, na betri ya kompyuta ilikuwa haishiki tena. Nilimwambia mama asubiri kidogo. Hakunihimiza. Alijua shughuli zinavyokwenda.

Kiharusi cha pili kilimkuta asubuhi, mama akimnywesha uji. Safari hii hakikuacha lugha yoyote. Macho yalikuwa wazi, na daktari alisema inawezekana anasikia. Alisema pia tuwaite ndugu. Baba aliishi mpaka siku iliyofuata.

Kompyuta sikuibeba. Mama aliketi kwenye benchi kando ya kitanda cha wodi, karibu sana, magoti yake yakigusa godoro. Mdogo wangu alikwenda kumpokea shangazi stendi. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda. Mama alikuwa ameushika mkono wa kushoto, ule mzuri, ambao sasa haukuwa na tofauti na mwingine. Kisha akaanza.

Alisema chungu. Alisema kuku, na hakuvichanganya. Alisema mvua, ng'ombe, jembe, mwana, moto, maji. Alivisema polepole kwa Kiha, kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule niliouweka mimi bila sababu yoyote, kwa sauti ambayo watu huitumia kuelezana mambo mazito. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

Muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu alisimama. Alikuwa mtu wa Kasulu. Asubuhi nilimsikia akizungumza na mgonjwa mwingine kwa Kiha. Alimsikiliza mama, akanisogelea.

"Mama ana homa?" akaninong'oneza. "Anamtajia mzee vitu vya jikoni."

"Hana homa," nikasema. "Ndiyo anayoyajua."

Alinitazama kidogo, akamaliza kazi yake na kuondoka bila kugongesha kitu. Mama alikuwa amefika kwenye mvua. Alilitamka, akautazama mkono wa baba kama alivyoutazama nyumbani alipokuwa akingoja kujua amepatia au amekosa. Mkono haukusogea. Akalisema tena, akiirekebisha sauti, akilivuta mahali ambapo baba alikuwa akimtaka alivute, akangoja.